Saini za mchana, kura za faragha

Huku kwetu Lamu, ukikaa Mkunguni baada ya Alasiri ukaitaja Addis Ababa, hukosi mtu wa kukwambia kwamba Baba, yaani Raila, aliuzwa kwenye uchaguzi wa mwenyekiti wa Tume ya Umoja wa Afrika. Na muuzaji hutajwa kwa jina: SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Tangu Raila Odinga afariki Oktoba 2025, hadithi hii imezidi kutiwa chumvi, na kumpinga anayeisimulia kumekuwa kama kumkosea marehemu adabu. Ami yangu, nahodha mstaafu ambaye redio yake haizimwi, ndiye kinara wa kundi hilo. Tumebishana hadi kahawa ikapoa, na kila nikikaribia kumaliza hoja yangu hunikata kauli. Leo naandika, nisikatizwe.

Tuanze na hesabu, maana ami huipita mbio. Kura ya mwenyekiti wa Tume ya Umoja wa Afrika ilipigwa Jumamosi, 15 Februari 2025. Nchi zilizoruhusiwa kupiga kura zilikuwa 49, kwani nyingine sita zilikuwa zimesimamishwa. Mshindi alihitaji theluthi mbili, yaani kura 33. Duru ya kwanza Raila aliongoza kwa 20, Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti akapata 18 na Richard Randriamandrato wa Madagaska 10. Ya pili Raila akapanda hadi 22. Ya tatu Djibouti ikampita, 23 kwa 20, na mtu wa Madagaska akatolewa na kura zake tano. Baada ya hapo Raila alipata 21, 21, kisha 22, huku mwenzake akienda 25, 26, 26. Akajiondoa. Duru ya saba Youssouf alisimama peke yake akapata 33 barabara, hata moja ya ziada hakuna.

Sasa nitafutie usaliti wa SADC humo. Siku chache kabla ya kura, katibu mtendaji wa jumuiya hiyo aliwaandikia wanachama barua akiwataka wampigie mgombea wao wa Madagaska. Barua hiyo ndiyo inayowachoma watu roho. Lakini SADC ina nchi 16, na kura nyingi kabisa alizowahi kupata Randriamandrato ni 10. Maana yake, hata tukisema zote 10 zilitoka SADC, nchi sita za jumuiya hiyo hiyo ziliisoma barua zikaikunja. Barua haikutiiwa hata nyumbani kwake. Na mtu wao alipotoka, kura tano zilizobaki haziwezi kuziba pengo la kutoka 20 hadi 33. Raila hakuuzwa dakika ya mwisho. Alikuwa na watu wake ishirini na kitu, waaminifu tangu asubuhi hadi jioni, na hakuongeza wengine.

Nilipomwambia ami hivyo alinijibu, "Hizi hesabu zako za ukarani, mwanangu, zina baridi." Ni kweli mimi ni karani, naandika kumbukumbu za vikao vya chama cha wavuvi, na huenda ndiyo sababu barua za kuungana mkono hazinishtui. Uchaguzi wetu mmoja, Faza, Kizingitini na Matondoni zilikuja na karatasi zenye saini na mihuri kwamba wote wako nyuma ya mgombea fulani. Tukasoma karatasi, tukapiga makofi, tukala biriani yake. Kisha debe likapita, kila mtu na kikaratasi chake, na yule bwana akapata kura zisizozidi sahani zilizoliwa na watu wa kijijini kwake. Hakuna aliyesema uongo, kwa maoni yangu. Mtu husaini kama kijiji na kupiga kura kama nafsi yake.

Sherehe ya kuzindua ugombea wa Raila ilifanyika Ikulu ya Nairobi tarehe 27 Agosti 2024. Walikuwepo Museveni, Samia, Salva Kiir, hata Obasanjo mzee alitoka Nigeria. Runinga ya dukani kwa jirani ilikuwa wazi mchana kutwa. Sikia sasa jambo ambalo halikutajwa sana barazani kwetu: siku hiyo hiyo, Brazzaville, mawaziri wa afya wa Afrika walimchagua Faustine Ndugulile, mbunge wa Kigamboni, kuwa mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika. Bahati mbaya alifariki Novemba kabla hajashika kazi, na Mei 2025 Tanzania ikarudi tena uwanjani, ikashinda tena kwa Mohamed Janabi, daktari wa moyo. Mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Sikuona picha ya marais wamepanga mstari kwenye zulia kwa ajili ya hao wawili.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa bara hawalioni lakini sisi tulipaswa kulitambua mapema. Kiti kilikuwa zamu ya Mashariki, na kwa ramani ya Umoja wa Afrika, Kenya, Djibouti na Madagaska zote ni Mashariki. Kwa biashara na jirani, ni watu watatu tofauti. Madagaska hula sahani moja na kusini. Djibouti ni mlango wa Ethiopia. Sehemu kubwa mno ya shehena ya Ethiopia hupita pale. Nasi huku tuna gati zetu upande wa Kililana, la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na mpango mzima wa LAPSSET, wa bandari hiyo na barabara zake, ulichorwa ili Ethiopia na Sudan Kusini zipate mlango wa pili. Raila mwenyewe alikuwa mjumbe wa Umoja wa Afrika wa miundombinu tangu 2018. Basi kuna vijana hapa walioamini akipata Addis meli zitajipanga hadi Manda. Mwenyekiti wa Tume hana uwezo huo, ila ndoto haiombi kibali. Ninachosema ni kwamba kumtaka Mdjibouti afuate sauti moja ya "Mashariki" ilikuwa kumtaka ampishe mshindani wake.

Na hakuwa ameficha tabia. Agosti 2019 mabalozi wa Umoja wa Afrika walipiga kura nani awe mgombea wa bara katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa: Kenya 37, Djibouti 13. Djibouti ikakataa kukubali, ikaendelea mpaka New York. Juni 2020 Kenya ilipata 113 duru ya kwanza, haikutosha, kesho yake ikapata 129 kwa 62 ikaingia. Ukitoa nchi zote za Afrika humo, bado utaona Djibouti ilikusanya marafiki wengi kutoka nje ya bara licha ya uamuzi wa bara. Mtu wa hivyo ukikutana naye tena miaka mitano baadaye, hupiki biriani tu.

Sijasema kuungwa mkono na kanda hakuna faida. Kunafaa sana, lakini dhidi ya watu wa nje. Tedros Adhanom wa Ethiopia, alipowania ukuu wa Shirika la Afya Duniani, aliidhinishwa na wakuu wa Afrika Januari 2016, zaidi ya mwaka kabla ya kura, na hakukuwa na Mwafrika mwingine fainali. Mei 2017 alimshinda David Nabarro wa Uingereza, 133 kwa 50. Mwaka 2020, kwenye Shirika la Biashara Duniani, Afrika ilishindwa kukubaliana: Misri, Nigeria na Kenya kila mmoja na wake. Ngozi Okonjo-Iweala alishinda, Amina Mohamed wetu akaishia njiani, na huyo Amina tayari alikuwa ameshindwa Addis na Moussa Faki mwaka 2017. Ile ya 2020 haikuwa ya kununa, hakuna aliyemwahidi. Lakini ndugu wakishindana wenyewe kwa wenyewe, karatasi ya kanda hukutana na karatasi ya kanda nyingine, zote zina muhuri.

Nikifika hapa ami hubadilisha uwanja na kunitajia Salim Ahmed Salim, mwanadiplomasia wa Tanzania. Anampenda kama mtu wa kwao, na ni sawa, Pemba si mbali na sisi. Mwaka 1981 ami alikuwa kijana wa kazi jahazini, anasema habari waliisikia kwa redio. Salim alisimama kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akiwa na OAU yote, mtangulizi wa Umoja wa Afrika, nyuma yake. Duru ya kwanza katika Baraza la Usalama alimpita Kurt Waldheim, 11 kwa 10. Marekani ikampinga kwa turufu, China ikampinga Waldheim, wakakwama wiki kadhaa, na mwishowe kiti kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Ami huuliza: bara zima lilisaini, mbona hakupata? Hapo huwa tunakubaliana, jambo la nadra. Saini za nchi hamsini hazishindi mkono mmoja wenye turufu. Salim alirudi akaongoza OAU kuanzia 1989 hadi 2001, kwa hiyo Waafrika wenyewe hawakumsahau.

"Yule alipingwa na Mmarekani," ami husema. "Huyu kapingwa na ndugu. Ndio nti za kusini zina deni."

Juzi nikamwekea kalamu na karatasi: aniandikie nchi sita za SADC zisizompigia Madagaska. Akaanza na Tanzania, kwa kuwa iko SADC na iko Afrika Mashariki. Akaongeza Kongo kwa sababu hiyo hiyo. Jirani yake akasema Kongo haiwezekani. Wamebaki na nne za kutafuta, na kila mmoja anadai anazijua.