Udongo kwenye Paji la Uso

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh, ndugu zangu.

Picha za misikiti mizuri hutumwa sana siku ya Ijumaa, nami ni mmoja wa wanaozifungua zote. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, basi sioni dhambi kustaajabia kuba za Isfahan, Iran. Mnara wa msikiti wa Casablanca, Moroko, unaofika mita 200 hivi, nao una wapenzi wake. Ila wiki hii nimekwama kwenye picha ya msikiti wa Djenné, nchini Mali.

Ule ni wa udongo. Jengo lililopo ni la mwaka 1907, limesimama mahali pa msikiti wa zamani zaidi. Kutani kumechomoza vijiti vya mivumo, jamii ya mitende, safu juu ya safu. Nilidhani ni pambo. Kumbe ni ngazi pia. Mvua hula udongo, kwa hiyo kila mwaka msikiti hukandikwa upya, na mafundi hukanyaga vijiti hivyo wakipanda. Mji mzima hutoka. Udongo umeshavundikwa na pumba za mpunga, wanawake wanabeba maji, vijana wanakimbia na vikapu vichwani, wametapakaa tope mpaka kwenye kope. Msikiti ule haujawahi kwisha kujengwa, na kwa namna ulivyo hautakwisha.

Ndipo nikairudia aya ya 18 ya Sura At-Tawba, inayosema kuwa wanaoamirisha misikiti ya Mwenyezi Mungu ni wale wanaomuamini Yeye na Siku ya Mwisho, wakasimamisha swala, wakatoa zaka. Kuamirisha. Neno hili linabeba kujenga, lakini linabeba pia kutunza na kukaliwa. Kinyume chake ni gofu. Jengo linaweza kumalizwa, likafunguliwa kwa shangwe, na lisiamirishwe.

Msikiti wa Mtume Madina ulianza kwa matofali mabichi, nguzo za magogo ya mitende na paa la makuti. Abu Said al-Khudri (R.A.) anasimulia kuwa usiku mmoja wa Ramadhani mvua ilinyesha, paa likavuja, na asubuhi akaona alama ya maji na udongo kwenye paji la uso la Mtume (S.A.W.). Alikuwa amesujudu kwenye tope.

Baadaye Umar (R.A.) alipouendeleza alimwagiza fundi awakinge watu na mvua, na ajihadhari na rangi nyekundu na njano asije akawafitini, yaani kuwashughulisha katika swala. Akaja Uthman (R.A.), akatumia mawe ya kuchongwa, chokaa, na paa la msaji. Wote wawili ni makhalifa waongofu, kwa hiyo siwezi kumtumia Umar kama fimbo ya kuchapia kila ukuta uliopambwa. Lakini pia siwezi kumsahau. Mtume mwenyewe aliwahi kuswali na nguo yenye nakshi, ikamshughulisha, akairudisha na kutaka ile isiyo na nakshi. Kama yeye alishughulishwa, sisi je? Nakiri nimewahi kuhesabu maua ya zulia katika rakaa ya pili, na nikapotea hesabu zote mbili, ya maua na ya rakaa.

Kwa hiyo nikiona msikiti mzuri sasa najiuliza uzuri ule unanipeleka wapi. Sinan, msanifu mkuu wa dola ya Waothmani, alipojenga msikiti wa Selimiye kule Edirne, Uturuki, umri wake ukikaribia miaka 80, kuba yake ya kipenyo cha mita 31 hivi aliibebesha nguzo nane akazisogeza kandokando. Waumini wakapata uwanja mmoja mpana chini yake. Na Dhaka, Bangladesh, upo msikiti wa Bait Ur Rouf, uliokamilika 2012, usio na kuba wala mnara. Ni matofali tu, na mwanga unaopenya kwenye matundu ya paa ukatua sakafuni kama sarafu. Mbunifu wake, Marina Tabassum, alipewa ardhi na bibi yake, naye bibi akafariki kabla ujenzi haujakwisha.

Kuna mtu mwingine ambaye hayumo kwenye picha yoyote. Ni mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina, ule ule wa makuti. Siku moja Mtume (S.A.W.) hakumwona, akamuulizia. Wakasema amefariki. Walikuwa wamemzika bila kumpa habari, kana kwamba jambo lake ni dogo. Akasema: “Kwa nini hamkuniambia? Nionesheni kaburi lake.” Wakamwonesha, akamswalia pale pale.