Kumbukumbu ya mradi: mguu wa mbele umekubali, wa nyuma bado

Aisee mguu wa mbele wa panya umetoka safi kwenye ramani ya ubongo. Kwa anayeanza kusoma hapa, natumia skani za MRI za panya ambazo watafiti wameziweka wazi, panya kalazwa kwa dawa ya usingizi, neva ya mguu inachochewa kwa umeme mdogo wa miliampia moja mbili hivi, unawashwa kidogo unazimwa, afu kazi yangu ni kutafuta sehemu gani ya ubongo imeitikia.

Ukichochea mguu wa kulia doa la mwitikio linatokea ubongo wa kushoto, maana njia ya neva ikifika kwenye shina la ubongo inavuka upande wa pili, inapita thalamasi, kituo cha kupokezana taarifa katikati ya ubongo, ndo inafika kwenye gamba, yaani tabaka la nje la ubongo. Nilishalisoma hilo zamani ila kuliona linachomoza kwenye data niliyoisafisha mwenyewe ni raha nyingine kabisa!

Lakini nilichokaa nacho zaidi ni grafu ya muda, sio doa. Nikachukua vokseli (vile vijisanduku vidogo vinavyounda picha) chache za katikati ya doa, nikapandanisha vipindi vyote vya umeme nikatoa wastani. Umeme ukiwaka, mstari wa grafu unatulia kidogo, halafu unapanda haraka na ndani ya sekunde mbili tatu umeshakaribia kilele, umeme ukizimwa unashuka. Binadamu kilele chake kinakuja kama sekunde tano sita, na programu nyingi zinakuja na mfano huo wa binadamu, sasa ukiuacha hivyohivyo kwa panya hesabu inachelewa na doa linafifia bure. Nimeweka mwenyewe mkunjo wa mwitikio wa panya na doa limesimama.

Na hapo hatuoni neva zikipiga, tunaona damu. Neva zikifanya kazi damu yenye oksijeni inakuja nyingi kuliko inayotumika, himoglobini isiyo na oksijeni ambayo ndo inavuruga sumaku inapungua, basi picha inang'aa kwa asilimia chache tu. Mtafiti Seiji Ogawa na wenzake walilionyesha hili mwaka 1990 na walianzia kwa panya, watu wengi wanadhani ilianzia kwa binadamu.

Kwa sababu ni damu, dawa ya usingizi inaingilia kila kitu. Isoflurani inatanua mishipa, sasa mishipa ikishatanuka itapanda kwenda wapi tena? Medetomidini inaibana na mwitikio unaonekana vizuri zaidi, kwa hiyo makundi haya mawili siyachanganyi kwenye wastani mmoja hata kidogo. Pumzi nayo hivyohivyo, kaboni dioksidi ikipanda damu ya ubongo wote inaongezeka, na kwa wale panya wa aina ndogo (mice) hasa, shinikizo la damu likiruka unapochochea mguu mmoja pande zote mbili zinawaka, mtu anaweza kuita hiyo ramani ya neva kumbe ni moyo.

Mguu wa nyuma ndo mgumu. Eneo lake ni dogo na limekaa karibu na mstari wa katikati, palepale unapopita mshipa mkubwa unaokusanya damu, doa linavutwa kuelekea kwenye mshipa. Sasa nimeanza kuchora mshipa huo kwa mkono kipande kwa kipande ili niutoe kwenye hesabu, pia nimepunguza kiwango cha kulainisha picha maana kulainisha sana kunaumwaga mshipa juu ya gamba, na rekodi za pumzi nitaziingiza kwenye modeli kabla sijagusa thalamasi.