Siku yangu wodini: 84 ya uongo na 99 ya uongo zaidi

Saa 1:30 asubuhi. Napokea zamu. Mwenzangu wa usiku, mkoba tayari begani, ananiambia, "Kitanda cha tatu kimelia usiku kucha." Mgonjwa mwenyewe hakulia, ni monita.

Saa 2:00. Mzee wa kitanda cha tatu, kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu kinamsomea 84. Mwanafunzi keshakimbilia mtungi wa oksijeni. Namwambia, tumtazame mzee kwanza. Anaongea bila kukata pumzi, tena ananiuliza chai inakuja lini. Kwenye skrini wimbi la mapigo halipandi wala kushuka, linatetemeka tu. Kidole kinasema mapigo 52, waya za kifuani zinasema 96. Kibanio kilichoshindwa hata kuhesabu mapigo, oksijeni kitaijulia wapi? Namshika mkono: wa baridi kama samaki wa barafuni, kiyoyozi kinampulizia. Na mkanda wa presha umefungwa mkono huohuo! Kila dakika 15 unajaa, damu haifiki kidoleni, kengele inalia. Nahamishia mkanda mkono wa pili, nauzungushia mkono wa kibanio kanga. Baada ya dakika chache wimbi linapanda na kushuka vizuri: 95.

"Shikamoo mzee, umepona." "Marahaba. Na chai?"

Saa 4:00. Bi harusi wa juzi, pumu imembana. Kibanio kinapitisha mwanga mwekundu na wa infraredi kwenye kidole, naye vidole vyote vimepakwa piko hadi kucha. Mashine haioni kitu. Nikasema nijaribu vya miguu: piko. Sista mzima nimesahau harusi za kwetu! Nikatafuta kibanio cha sikio, maana cha kidole ukikibandika sikioni hakiaminiki. 91, wimbi safi. Hiyo naiamini, na kwa ngozi zetu nyeusi naihofia zaidi, kwani mashine hizi huweza kutusomea juu kuliko hali halisi.

Saa 5:20. Kijana kaletwa na barua ya rufaa: "Oksijeni 99, nzuri." Kweli ni 99, na wimbi zuri kuliko yote wodini. Ila anatapika, kichwa kinampasua, ukimwita anachelewa kugeuka. Namuuliza mama yake walilala wapi. Mvua ilinyesha, wakaingiza jiko la mkaa ndani, maharage yakabaki motoni, mlango ukafungwa.

Namwita daktari huku namvalisha barakoa yenye mfuko, oksijeni imefunguliwa kwa kasi. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu ya mkaa, hung'ang'ania damu mahali pa oksijeni, na kwa mwanga wa kibanio damu hiyo inaonekana kama imejaa oksijeni. Mama anauliza, "Sista, mbona mashine inasema mzima?"

"Mama, leo tunamsikiliza mwanao."

Kwa hewa ya kawaida sumu hiyo hupungua nusu kwa saa nne hadi tano, kwa oksijeni tupu ni kama saa moja na nusu.

Saa 9:00 alasiri. Kichwa kimeanza kumwachia, anaomba maji.

Saa 9:30. Nakabidhi zamu. Kwenye chati yake nimeandika kwa kalamu nyekundu: SpO2 (oksijeni ya kibanio) 99%, MSIITEGEMEE.