Mzee wa Studio

Ramadhani ya mwaka 2021 ilitukuta Mombasa katikati ya wimbi la tatu la korona. Kafyu ilianza saa nne usiku, misikitini watu waliswali kwa kuachiana nafasi, na Nairobi na kaunti nyingine nne zilikuwa zimefungwa tangu mwisho wa Machi. Mimi ni radiografa, mpiga picha za ndani ya mwili hospitalini. Hospitali niliyokuwa nikifanyia kazi ilikuwa na mashine moja tu ya CT, ile inayopiga mwili kwa eksirei kipande kwa kipande, na daktari aliyetusomea picha za usiku alikuwa Nairobi, ndani ya mpaka uliofungwa. Picha zilimfikia kwa intaneti. Yeye mwenyewe asingeweza kuvuka hata kama angetaka.

Zamani usiku ulikuwa wa vichwa: ajali za bodaboda, wazee waliopigwa na kiharusi. Mwaka ule ukawa wa vifua. Wengine walikuja bila hata kikohozi, pesa mkononi, wakitaka "skani ya korona". Najua wazo hilo lilikotoka. Februari 2020 mkoa wa Hubei ulianza kuwahesabu wagonjwa kwa picha ya CT bila kungoja majibu ya maabara, hesabu ya China ikaruka kwa karibu watu 15,000 kwa siku moja, na watu wakaamini mashine hii inakiona kirusi chenyewe. Haikioni. Inaona jinsi mapafu yalivyoumia, na influenza kali inaweza kuacha alama za kufanana na hizo. Isitoshe, mionzi yake ni mara nyingi ya ile ya eksirei ya kawaida. Hao niliwarudisha kwa daktari wakaandikiwe kwanza, na baadhi yao walinitukana.

Mzee huyu hakuwa wa kundi hilo. Aliletwa baada ya futari kwa kiti cha magurudumu, kofia ya viua kichwani, mwanawe akisukuma na sista akiburuta mtungi wa oksijeni. Bila mtungi, kipimo cha kidoleni kilikuwa kimesoma oksijeni ya damu asilimia 83, na mzee bado alikuwa akitoa sentensi nzima nzima, akimkosoa mwanawe namna ya kupita kwenye kizingiti. Hilo lilitushangaza sana katika ugonjwa ule: mtu ambaye kwa hesabu alipaswa kutapatapa, anakupigia hadithi. Kipimo cha pua kilikuwa kimerudi kikisema hana kitu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Wewe ndiye mpiga picha?"

"Ndiye mimi."

"Basi sisi ni watu wa kazi moja."

Alikuwa na studio mjini kwa miaka mingi. Picha za pasipoti, picha za harusi, filamu akizisafisha mwenyewe kwenye chumba cha giza, mpaka simu za mkononi zikamfungia duka. Haya yote aliyasema nikiwa namlaza kitandani, jasho likinitiririka ndani ya gauni na miwani ikinifanyia ukungu.

Nilihakikisha mrija wa oksijeni una urefu wa kutosha, maana kitanda kile husogea, na mrija mfupi hung'oka puani. Mashine ina sauti yake iliyorekodiwa, ya Kiingereza, ya kumwamuru mgonjwa avute pumzi. Niliizima siku nyingi. Nasema mwenyewe kwenye maikrofoni: vuta, zuia, haya pumua. Mwenye nimonia hawezi kuzuia pumzi muda mrefu, kwa hiyo tulikuwa tukianza kupiga kutoka chini, kwenye kiwambo, msuli ulio chini ya mapafu, tukipanda juu. Huko chini ndiko mapafu hutikisika zaidi, na ndiko ugonjwa huu ulikopenda kukaa. Pumzi ikimwishia, afadhali imwishie mashine ikiwa imefika mabegani. Mzee alizuia kidogo, kisha kikohozi kikamshika. Chini kote kulikuwa kumeshapigwa bila kutikisika.

Mapafu mazima kwenye CT ni meusi, mishipa ya damu ikitawanyika ndani yake kwa weupe mwembamba. Ya mzee yalikuwa na mabaka ya kijivu pande zote mbili, yameegemea kuta za nje na mgongoni, mengi chini kuliko juu. Sehemu kubwa ya kijivu hicho ilikuwa hafifu, mishipa bado unaiona ndani yake. Lakini chini kulia palikuwa na mahali ambapo hata mishipa imemezwa, pamekuwa peupe kabisa.

Radiografa huiona picha kabla ya mtu mwingine yeyote, na si kazi yake kuisema. Utaratibu huo naukubali. Mara kadhaa nimeona kitu na daktari akaona kingine, naye ndiye aliyekuwa sahihi. Ila unatufanya waigizaji, tena wabaya. Wapo wenzangu wanaosema "picha imetoka vizuri", wakimaanisha haikutikisika, familia ikashukuru Mungu kwa habari ambayo haipo. Mimi nina jibu langu moja.

"Umeona nini?" mzee akauliza.

"Daktari anaisoma sasa hivi, mzee."

"Basi ni mbaya. Ingekuwa nzuri ungenitania."

Akaomba aione. Picha ni yake, kifua ni chake, nikamgeuzia skrini. Aliitazama kwa muda, macho kayafinya.

"Nyeusi ndiyo nzuri?"

"Nyeusi ni hewa."

"Basi hapa pameingia mwanga." Kidole chake kilikuwa mahali hasa, chini kulia, mgongoni. Filamu ikipata mwanga kabla ya kusafishwa, picha hutoka imefifia kwa weupe, na hakuna dawa ya kuirudisha. Sikuongeza neno.

"Mwanga gani, baba?" mwanawe akauliza.

"Nyamaza, tunazungumza kazi."

Ripoti ilirudi kabla hajatafutiwa kitanda: CO-RADS 5, yaani kwa picha peke yake shaka ya korona ni kubwa sana, hata kipimo cha pua kikisema hana. Alama za kuenea kwa ugonjwa 16 kati ya 25, kila kimoja cha vipande vitano vya mapafu kikipewa 0 hadi 5. Wodini walimtaka alale kifudifudi, ili sehemu za mgongoni zilizobanwa zipate kufunguka, naye akagoma mpaka mwanawe alipomwambia ni amri ya daktari wa Nairobi. Sijui kwa nini Nairobi ilimtisha.

Kabla hajaondoka alitaka nakala. Nikamwambia tutampa sidii. Akasema sidii si picha. Tulikuwa bado na printa ya filamu isiyotumika sana. Nikamtolea karatasi moja kubwa, inchi 14 kwa 17, mwanawe akaibeba kwenye bahasha.

Alitoka wodini baada ya Idi. Agosti alirudi kwa picha ya pili: mabaka yamekwisha, yamebaki makovu membamba chini, na safari hii alizuia pumzi mpaka nikamwambia apumue. Kisha akaenda dirisha la malipo kuuliza kama mteja wa zamani hapunguziwi bei.