IST inayogonga mbele: wishiboni zimerudi

Toyota IST yangu ilikuwa inagonga mbele. Wishiboni zote mbili, yaani mikono ya chuma ya chini inayoshikilia matairi ya mbele, zimerudi mahali pake, na gari sasa inapita rasta za barabara ya Morogoro bila ule mlio wa ko-ko-ko.

Gereji ya kampuni moja inayouza magari ilinikadiria 1,140,000: wishiboni mpya mbili, linki za stabilaiza (vijiti vinavyounganisha mguu wa gari na chuma cha kuzuia gari lisilale kwenye kona) na ufundi. Niliuliza kwa nini wishiboni nzima wakati chuma hakina hata ufa, kilichokufa ni bushi tu, ule mpira wa kwenye maungio yake. Wakasema bushi peke yake hawauzi. Haya, kila mtu na biashara yake.

Linki nilibadilisha mwenyewe nyumbani, Nkuhungu, Dodoma. Ukiishika na kuitikisa, iliyokufa inacheza mkononi. Nati ni mbili tu, ila zikishika kutu bolti nayo inazunguka. Unaizuia kwa spana ya L katikati. Moja iligoma kabisa, ikaishia kwenye grenda.

Bushi nimeagiza Gerezani, Kariakoo, Dar es Salaam, zikapanda basi la usiku. Muuzaji nilimtumia namba ya chesisi. Yangu ni NCP60, ya 1.3, ukisema "IST" tu utaletewa chochote.

Kuzitoa za zamani kunataka presi, mashine ya kuzisukuma zitoke kwenye chuma, kwa hiyo nikaenda kwa fundi wa Kizota. Zilikuwa zimechanika mpaka unaona mwanga upande wa pili. Tulipozirudisha wishiboni kwenye gari nikashika spana nikaze, akanizuia: "Bosi, bado. Shusha gari kwanza." Hapo ndipo alipostahili hela yake. Gari likiwa kwenye jeki mguu unaning'inia, na mpira wa bushi umegandana na bomba la chuma la ndani. Ukikaza hivyo, gari likishuka mpira unajisokota, unabaki umesokotwa muda wote, na haukawii kuchanika. Bolti zinashikizwa tu, gari linatua kwenye matairi, linatikiswa, ndipo unakaza. Mafundi wenye haraka hawafanyi hivi, halafu lawama zinaiendea spea ya Kariakoo.

Hesabu: bushi 120,000, linki 60,000, kusafirisha mzigo 10,000, presi na ufundi 70,000, alaimenti (kunyoosha matairi) 30,000. Jumla 290,000.

Inayofuata ni shokapu ya nyuma kushoto, inavuja. Nitabadilisha zote mbili za nyuma, na ziwe mpya. Shokapu ya mtumba sinunui hata ikiwa na stika ya Japani. Bei nimeshaanza kuulizia.