Kuku Wakishatoka Umechelewa: Siku Yangu Moja kama Afisa Mifugo, Chamwino

Saa 10:15 alfajiri

Simu inalia, naizima haraka kabla mtoto hajaamka. Huu ni mwezi wa kumi. Upepo wa vumbi umeanza, na mfugaji yeyote wa Dodoma anajua kwamba mdondo, ugonjwa unaofyeka kuku, unapenda majira haya. Kuku wamekonda, chakula ndani kimepungua, kila mtu anataka fedha ya kusogezea siku mpaka mvua, kwa hiyo kuku wanapelekwa mnadani kwa matenga. Wasiouzwa wanarudi nyumbani jioni. Huyo aliyekwenda mnadani akalala tenga moja na kuku wa watu kumi, kisha akarudishwa kuchanganywa na wenzake, ndiye ninayemwogopa kuliko kicheche.

Nakunywa chai ya rangi nimesimama. Chanjo ya mdondo iko kwenye boksi la barafu. Ni ile ya I-2, inatengenezwa hapa hapa nchini, Kibaha, na sifa yake ni kwamba inavumilia joto kuliko zile za zamani, ndiyo maana inafaa kwa vijiji visivyo na friji. Lakini kuvumilia joto si kulipenda, kwa hiyo naibeba kama yai.

Saa 11:00 alfajiri

Kitongoji cha kwanza. Giza bado. Hapa wengi wanalala na kuku wao ndani ya tembe, kona ya jikoni, kwa sababu ya wezi na kicheche, na kwangu mimi hiyo ni neema. Kuku aliyelala unamwokota tu kama embe. Akishatoka nje akaona jua, utamkimbiza tetea mmoja nusu saa na mwishowe unayehema ni wewe.

Kijana anayenisaidia anashika, mimi natia. Kichwa kinalazwa upande, tone moja jichoni, nasubiri apepese, anaachiwa. Tone likiangukia shavuni narudia. Tone ni lilelile kwa kifaranga na kwa jogoo wa kilo tatu, na kila nyumba lazima nibishane na mtu: “Huyu ni mkubwa, daktari, muongezee.” Siongezi. Baada ya miezi mitatu nitarudi, na ubishi utakuwa uleule.

Nyumba ya tano ni ya bibi mmoja ambaye sitamtaja.

“Mbukwa, bibi.”

“Mbukwa, mwanangu. Kuku wangu leo hawapo.”

Hajamaliza sentensi, jogoo akawika jikoni. Kijana akageukia ukutani kucheka. Bibi naye akacheka, lakini mlangoni hakutoka.

Sababu anayo, na mimi naijua. Mzunguko uliopita niliwachanja kuku wake, na baada ya siku tatu wakafa wanne. Kwake hesabu ni rahisi: walikuwa wazima, nikaja mimi, wakafa. Ukweli ni kwamba walikuwa tayari wameshaambukizwa. Chanjo inahitaji wiki moja hadi mbili ndipo kinga ijengeke, haiwezi kumwokoa kuku ambaye ugonjwa umeshamwingia. Ila kosa langu lipo. Sikuuliza kama kuna kuku mgeni aliyeletwa wiki ile, na alikuwepo, jogoo wa zawadi kutoka kwa mkwe. Ningeuliza, ningemwambia mapema kwamba hawa wako hatarini, wakifa usinihesabie mimi. Leo nimemwambia hivyo, nimechelewa miezi mitatu. Amefikiri, akaingia ndani, akatoka na mitetea sita. Jogoo amebaki jikoni. Sikumlazimisha.

Saa 2:00 asubuhi

Kuku wa watu 23 wamechanjwa. Jua limeshakuwa kali, waliobaki wametawanyika mashambani. Chupa iliyofunguliwa haingojei kesho, kwa hiyo iliyobaki namaliza nayo kwenye banda la jirani anayefungia kuku wake, kisha nanawa, napanda pikipiki.

Jana jioni mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alinipigia: “Bwana mifugo, ng'ombe yuko tayari.” Yaani yuko kwenye joto, anataka dume, nije nimtie mbegu. (Mimi ni mwanamke, mama wa watoto wawili, lakini huku cheo ni “bwana mifugo” na nimeshazoea. Wakitaka kunibembeleza naitwa daktari.) Ng'ombe wake ni chotara aliyechanganya damu ya Mpwapwa na ya maziwa. Ng'ombe wa Mpwapwa ni fahari ya mkoa huu: ni mbegu iliyotengenezwa kwenye kituo cha utafiti hapo Mpwapwa, kwa kuchanganya damu ya zebu wetu, yule ng'ombe wa asili mwenye nundu, ya ng'ombe wa kutoka Bara Hindi kama Sahiwal na Red Sindhi, na kidogo ya Ulaya, ili apatikane ng'ombe wa maziwa na nyama anayeweza kuishi kwenye ukame. Mzee anajua historia hiyo kuliko mimi.

Saa 3:10 asubuhi

Mtungi wa naitrojeni nimeufunga nyuma ya pikipiki kwa mipira. Humo ndani mbegu za dume zinakaa kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na nje hapa ni jua la Chamwino. Sijawahi kuzoea jambo hilo.

Nafika, nasalimia, nazunguka nyuma ya ng'ombe kabla sijafungua chochote. Mkiani kuna damu kidogo, imeshakauka.

“Ameanza lini, mzee?”

“Jana. Jana mchana ndiyo nimeona damu hiyo, nikajua ameiva.”

Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Damu haimaanishi ameiva. Ni alama kwamba joto limeshapita, mara nyingi siku moja au mbili nyuma, na yai limeshatoka. Nikamuuliza kijana anayechunga. Ndiyo, alimwona. Jumapili asubuhi, watu wako kanisani, ng'ombe alikuwa anasimama kimya anapandwa na ndama dume la jirani, na ute mrefu unaoning'inia kama ute wa yai. Hakusema kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Leo ni Jumanne.

Kanuni yetu ni nyepesi: akionekana asubuhi anasimama akipandwa, mhimilishe, yaani mtie mbegu, jioni ile, akionekana jioni, kesho yake asubuhi. Neno lenyewe ni kusimama. Ng'ombe anayepanda wenzake anaweza kuwa anaelekea kwenye joto au anacheza tu. Anayesimama bila kukimbia wakati anapandwa, huyo ndiye. Na ng'ombe wetu wenye damu ya zebu wana siri: joto lao ni fupi, na mara nyingi linakuja usiku, wenye nyumba wamelala.

“Mwanangu, si umeshafika? Weka tu. Fedha ninayo.”

Nimekataa. Wapo wanaoweka wakachukua fedha, na baada ya miezi mitatu mwenye ng'ombe anaambiwa mbegu ilikuwa mbovu. Hivyo ndivyo uhimilishaji unavyopata jina baya kijijini. Nimechukua kipande cha mkaa, nikaandika ukutani mwa zizi: Jumapili, wiki ya tatu kutoka Jumapili ile. Mzunguko ni siku 21 hivi, kwa hiyo waanze kumwangalia kuanzia Alhamisi inayotangulia, alfajiri na jioni, na tochi usiku. Na kazi ya kutoa taarifa nimempa yule kijana mchungaji mbele ya mzee, simu yangu anayo yeye. Mzee hakufurahi. Amenipa maziwa hata hivyo.

Saa 6:30 mchana

Nina mama mmoja mwenye kuku 120 wa mayai, analalamika mayai yametoka maganda laini tangu wiki iliyopita. Ameshaongeza chokaa mara mbili.

Mimi nilisomea mifugo Buhuri, Tanga. Kule tulifundishwa kuogopa maji: randa ya kutandika bandani ikilowa, kuhara damu kumeingia, chakula kikikaa stoo wiki mbili kimeota ukungu. Joto la pwani lina jasho ndani yake. Kuku hana tezi za jasho, anajipoza kwa kuhema, na hewa ikiwa na unyevu mwingi kuhema kwake hakumsaidii sana. Hapa Dodoma hewa ni kavu, kuhema kunafanya kazi vizuri, lakini kunakausha mwili. Kwa hiyo swali la kwanza huku si randa, ni maji.

Nimeingia bandani, nimegusa vinyweo. Vimewekwa upande wa jua. Maji ni ya kuogea mtoto. Kuku hawayagusi, wanahema midomo wazi. Kuku anayehema hivyo kutwa nzima anapoteza hewa ya ukaa kupita kiasi, damu inabadilika, na kutengeneza ganda kunakuwa kazi ngumu hata kama chokaa umemjazia debe. Halafu kwenye joto anakula kidogo, kwa hiyo hata chokaa yenyewe hakuipata.

Tumehamisha vinyweo kivulini, tumeleta mitungi miwili ya udongo chini ya mwarobaini iwe ya kupozea maji, na nimemwomba chakula akitoe saa za baridi: alfajiri sana na jioni. Mchana waachwe wapumzike, maana kusaga chakula tumboni nako kunaleta joto.

Kisha tumekaa kwenye mchanganyiko wake. Amekuwa akipima kwa sado na kumbukumbu. Nimemwandikia wa kilo 100: mtama mweupe uliobarazwa 35, pumba za mahindi 25, mashudu ya alizeti 20, dagaa 10, chokaa 7, mifupa iliyosagwa 2 na nusu, chumvi robo, na vitamini za kuchanganya robo. Mashudu ni rahisi huku, alizeti ni yetu, lakini yana makapi mengi, ukizidisha kuku wanashiba wasitage. Mtama mwekundu nimemkataza. Ule uchungu unaowafanya ndege wasiule shambani unazuia pia protini kusagika tumboni mwa kuku.

Dagaa wake nimewatia kwenye bakuli la maji. Mchanga uliokaa chini ulikuwa karibu kikombe. Alinyamaza kidogo, kisha akasema neno la Kigogo ambalo siliandiki hapa.

Pumba nazo nimenusa gunia kwa gunia. Moja lilikuwa na mabonge na harufu ya godoro la zamani. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu, iliua watu mkoani humu kupitia mahindi, na bado mtu akiona mahindi yameharibika anasema “basi, ni ya kuku.” Kuku naye ana ini. Gunia limekwenda shimoni, na huyo mama alilisindikiza kwa macho kama jeneza.

Saa 9:00 alasiri

Ofisini. Taarifa ya chanjo, fomu tatu zinazouliza jambo moja. Nimekula ubwabwa.

Saa 11:00 jioni

Nimepita zizi la mbuzi njiani nikirudi. Mbuzi watatu wamezaa wiki hii, na majani hakuna. Mbuzi anabeba mimba miezi mitano, kwa hiyo wa mwezi wa kumi walipandwa mwezi wa tano, wakati malisho yalikuwa tele na hakuna aliyefikiria kiangazi. Nimewaambia wenyewe wawape mbuzi waliozaa matunda ya mgunga yaliyodondoka na maji ya kutosha, na beberu atengwe mpaka mwezi wa saba. Beberu alinitazama vibaya sana.

Saa 1:40 usiku

Ugali wa uwele na mlenda. Mtoto anataka kujua kama kuku wanalia wakitiwa dawa ya macho.

Simu. Ni kijana mchungaji wa mzee, sauti inakimbia: ng'ombe wa jirani yao anapanda, sasa hivi, anaona kwa macho yake. Kama ni kweli, nitahitajika kesho asubuhi, na kesho alfajiri nina kitongoji kingine cha kuku. Nimemtumia ujumbe yule msaidizi wangu aanze bila mimi, kisha nikamuuliza mchungaji: anapanda, au anasimama akipandwa?

Amesema subiri nimulike tochi.