Nilivyopanga barua na nota za mwalimu wa fidla hapa Tabora

Masanduku yalikuwa matatu ya bati. Kabla ya kugusa chochote nilipiga picha kila sanduku, kisha nikatoa tabaka baada ya tabaka. Usimwage kila kitu mezani ukapange kwa tarehe! Barua iliyofungwa na nota huwa inazungumzia nota hiyo hiyo. Zikiachana, hutajua kamwe "mstari wa nne badilisha upinde" (yaani geuza mwelekeo wa upinde, ile fimbo ya kupigia fidla) ni wa wimbo gani. Nyuma ya kila karatasi, pembeni, niliandika kwa penseli laini: 2/5/11, yaani sanduku, bunda, karatasi. Kalamu ya wino ikae mbali kabisa.

Pini zilikuwa zimeshika kutu. Ukivuta, karatasi inachanika. Ingiza kipande chembamba cha plastiki chini ya pini, inua kwa kisu butu, itoke taratibu. Selotepu ya zamani niliiacha.

Ule unga mweupe kwenye nota ni ulimbo unaopakwa kwenye upinde, nao hunasa vumbi. Nilitumia brashi laini, kutoka katikati kwenda nje. Maji hapana, kifutio ndiyo balaa zaidi, kwa sababu thamani yote iko kwenye alama za penseli za mwalimu; nota zilizochapwa zinapatikana kwingine. V ni upinde kupanda, kijisanduku kisicho na kitako ni kushuka. Namba 1 hadi 4 ni vidole, 0 ni uzi usiobanwa. Wapiga kinanda wa kwaya hukosea hapa: kwao 1 ni kidole gumba, kwenye fidla ni cha shahada.

Vipande vya magazeti hugeuza rangi ya karatasi jirani, kwa hiyo nilitoa kopi na kutenga vyenyewe. Mabunda nikayaweka ndani ya karatasi nyeupe za A3 zilizokunjwa katikati.

Kazi hii ifanyike kiangazi. Mvua za Novemba zikianza, karatasi hunyonya unyevu na ukungu hufuata. Rafu ni ya chuma, miguu ndani ya makopo ya oili chafu, nafasi ya kiganja kutoka ukutani ili njia za mchwa zionekane mapema.

Barua za wazazi wa wanafunzi zina mambo ya ndani ya nyumba. Hizo nilifungia peke yake, nikaacha kijikaratasi chenye namba pale zilipokuwa. Na kuzichapisha ni jambo jingine: karatasi ni ya familia ya mwalimu, maneno ni ya aliyeyaandika.